Likizo ya Juni Dar na watoto: siku ya michezo ya maji iwemo au tuiache?

Mzazi_Uyole

Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri kwa wanaoijua Dar na wanaoyajua mambo ya mabwawa.

Tunatoka Mbeya wiki ya mwisho ya Juni shule zikiwa zimefungwa. Tupo sita: mimi, mke wangu, watoto watatu (miaka 12, 7 na 3) na bibi yao wa miaka 66, ambaye yuko kwenye dawa za presha. Tutalala Dar usiku tano. Nyumbani tumeshakubaliana siku moja ya bembea na mashine za umeme, nusu siku Makumbusho ya Taifa, na siku moja ya maonyesho ya biashara ya Sabasaba kwa kuwa yatakuwa yameanza.

Ubishi uko kwenye michezo ya maji. Mke wangu anasema watoto wa huku kwenye baridi wanafika pwani kwa nadra, wasirudi bila kuteleza kwenye maji. Mimi naona ni kiingilio cha watu sita kwa saa mbili za kuloana. Hakuna mtoto anayejua kuogelea, mdogo hajaacha pampasi kabisa, na bibi hataingia majini hata akilipwa. Pia nasikia kuna sehemu ina mashine na maji pamoja. Je, siku moja inatosha kwa vyote viwili?

Naomba majibu ya vitendo, siyo "nendeni mkafurahie".

FundiMabwawa

Mkuu, kabla hujaendelea kubishana na shemeji, chukua futi kamba ya fundi cherehani umpime huyo wa miaka 7. Bila viatu, visigino vimegusa ukuta, kitabu kimelala utosini, weka alama ya penseli. Getini hawaulizi umri, wanaangalia urefu, na ule mstari uliochorwa kwenye ubao haubembelezwi. Mitelezo mikubwa sehemu nyingi inaanzia sentimita 120, ile ya mteremko mkali huenda mpaka 140, na ya katikati humruhusu mfupi kidogo akipanda boya moja na mtu mzima. Mtoto wa miaka 7 kwa wastani yuko kwenye 120 au 121, kwa hiyo wako anaweza kuangukia upande wowote wa mstari. Akiwa chini yake, atashinda anamwangalia mkubwa wake akipanda ngazi huku yeye amebakishwa kwenye maji ya magotini na wa miaka 3. Hapo umenunua siku nzima ya kununiwa.

Kipimo hicho si ukorofi wa walinzi. Bwawa la kutulia chini ya mtelezo huwa na kina cha kama mita moja. Mtoto mfupi akitua, maji yanamfika kifuani au shingoni huku yanayoporomoka nyuma yake yakimsukuma, na hajapata hata pumzi. Tena mwili mwepesi hugeuka njiani, akaanza miguu mbele akamaliza kichwa mbele.

Kuhusu siku moja kwa vyote: inawezekana, ila mpangilio ndio unaoharibu au kuokoa siku. Juni na Julai Dar kuna kusi, ule upepo wa kutoka kusini, usiku joto linashuka hadi kama nyuzi 19, na bwawa lililo wazi huamka la baridi. Kwa hiyo asubuhi anza na mashine za pakavu, hasa zile zinazozunguka, maana zinatakiwa ziishe kabla ya chakula. Mtoto aliyekula chipsi na soda akazungushwa, kisha akaingizwa majini, atatapika, na akitapikia bwawani bwawa linafungwa kwa kila mtu. Chakula saa sita, kaeni kivulini mpaka saa nane, halafu maji hadi saa kumi na moja. Saa hizo maji yameshapata joto la jua na jua lenyewe linalegea. Mngekuwa mnaenda Desemba ningesema kinyume: maji asubuhi na mapema, mashine jioni.

Lakini kwa familia yenye wa miaka 3, siku ya vyote viwili ataimaliza mgongoni mwa mtu, amelala. Mimi ningeyapa maji siku yake, nifute kitu kingine.

Mkifika, kabla hamjavua nguo, zunguka bwawa lenyewe. Tazama sehemu yenye kina kirefu: lazima uone waziwazi lile tundu la kutolea maji pale chini. Usipoliona, ondokeni, maana mtoto akizama hapo mwokoaji naye hatamwona. Vuta harufu. Watu hudhani klorini ikinuka sana maji ni safi, kumbe harufu ile kali ya kuwasha macho inatokea klorini ikishachanganyika na mkojo na jasho, dalili kwamba dawa imeshatumika na haijaongezwa au maji hayajabadilishwa. Bwawa linalotunzwa lina klorini huru, yaani ambayo haijachanganyika na uchafu, ya miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ya 7.2 hadi 7.8, na mhudumu anayejua kazi yake ana daftari la vipimo vya siku hiyo. Uliza kwa upole, ataonyesha.

Swali ambalo watu hawaulizi ni hili: umeme ukikatika, jenereta inabeba pampu zote au taa na muziki tu? Pampu zikisimama mitelezo inakauka, watu wote wanajazana kwenye bwawa moja la chini, na chujio nalo halifanyi kazi. Ndani ya saa chache maji yanaanza kuwa na ukungu.

Kihesa_Juu

Mimi nitakuwa mbishi hapa. Kwa nini ulipe bwawa wakati Dar ina bahari? Vuka kwenda kisiwa cha Mbudya kwa boti kutoka upande wa Kunduchi, lipa ada ya hifadhi na nauli ya boti, mna mchanga, kivuli cha makuti na samaki wa kukaanga. Bibi naye anafaidi, siyo kukaa kwenye kiti cha plastiki akitazama watu wakipiga kelele.

Cha kuzingatia ni maji kujaa na kupwa, jambo ambalo sisi wa Iringa na Mbeya hatulifikirii kabisa. Tofauti ya kujaa na kupwa pwani ya Dar inafika mita tatu na zaidi wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu. Na siku hizo za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, ndiyo saa ambayo familia ya kutoka bara inafika ufukweni na mataulo. Unakuta matope, mawe na majani ya bahari, maji yako mbali. Yanajaa tena kama saa kumi jioni. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo ni kinyume: asubuhi kunakuwa na maji na kupanda na kushuka kwake ni kidogo. Angalia mwezi ndipo upange siku.

Miguuni wavae viatu vya mpira au yeboyebo zenye kamba nyuma. Kwenye miamba kuna wale wanyama wadogo wa baharini, weusi, wenye miba mirefu kama sindano, na mwiba ukiingia hukatikia ndani.

Tegeta_Kibaoni

Kihesa, umesema vizuri habari ya bamvua, lakini hapa kuna watoto watatu wasiojua kuogelea na watu wazima wawili wa kuwaangalia. Bwawani kina kinajulikana, chini ni pagumu na panaonekana, mwokoaji yuko hatua chache. Juni bahari ina kusi na mawimbi ya boti, mdogo ataanza kutapika kabla hajafika kisiwani. Mbudya kwa mkubwa wa miaka 12, sawa. Kwa wa miaka 3, bwawa la magotini linashinda.

Mzazi, nikujibu la mahali, maana watu wa mikoani wanapangia Dar kama Mwanjelwa na Kabwe za hapo Mbeya, wanadhani kila kitu kiko karibu. Sehemu mbili zinazojulikana ziko ncha mbili za jiji. Kunduchi Wet 'n' Wild iko kaskazini, ufukweni, na ni ya maji hasa. Fun City iko Kigamboni, ng'ambo ya pili, na ndiyo yenye mashine za pakavu na maji kwenye uwanja mmoja. Kutoka moja kwenda nyingine ni kuvuka jiji zima, usiweke zote mbili.

Basi lenu litashusha Mbezi, stendi ya Magufuli. Mkichagua Kunduchi, msiingie Ubungo wala Mwenge: ipo barabara ya lami ya Mbezi hadi Goba, mnatokea Tangi Bovu au Tegeta, mnalala maeneo hayohayo. Mkichagua Kigamboni, mnapita daraja la Nyerere kutokea Kurasini, gari linalipa ushuru wa daraja, au kivuko cha Magogoni kama mko katikati ya mji.

Sasa angalia ratiba yako. Sabasaba iko barabara ya Kilwa, upande wa Kigamboni. Makumbusho iko katikati ya mji, karibu na kivuko. Vitu vyako viwili tayari viko upande wa kusini, kwa hiyo Fun City inaingia kwenye mstari bila kuvuka jiji, na siku yako ya mashine inabeba na maji humohumo. Kunduchi ingekugharimu siku nzima na foleni ya barabara ya Bagamoyo.

Onyo: tarehe 7 Julai ni sikukuu, na wiki nzima ya maonyesho barabara ya Kilwa inajaa. Siku ya maji iwe Jumanne, Jumatano au Alhamisi. Wikiendi foleni ya mtelezo mmoja inaweza kula nusu saa kwa mteremko wa sekunde kumi na tano. Piga simu kabla hujakata tiketi ya basi: uliza siku wanazofunga kwa usafi, kama kuna siku za wanawake pekee, na kama mitelezo yote inafanya kazi wiki hiyo.

Mzazi_Uyole

Nashukuru sana, haya ndiyo niliyotaka. Nimempima: sentimita 118 kamili. Mkubwa ana 146, mdogo 94.

Naongeza maswali. Mke wangu anajisitiri, hawezi kuvaa nguo fupi mbele za watu, kuna namna? Huyo wa kati ni binti, ana rasta. Pampasi zinaruhusiwa majini? Na bibi akae wapi? Halafu kuna mtu kazini amesema tuache Dar, tukawafundishe kuogelea kwanza Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa.

Nesi_Njombe

Dada yangu asihangaike. Kinachokataliwa mabwawani si kufunika mwili, ni aina ya kitambaa. Zipo nguo za kuogelea za mwili mzima zenye kofia, za nailoni iliyochanganywa na laikra, zinazobana kidogo. Hizo hukubaliwa sehemu nyingi. Baibui, dera, kanga na fulana za pamba ndizo zinazokataliwa, na kwa sababu ya maana: pamba ikilowa inakuwa nzito na inamvuta mtu chini, inanasa mwilini ukashindwa kunyoosha mkono, na vinyuzi vyake vinaziba vichujio. Kwenye mtelezo pamba inakwama. Mtu anasimama katikati, anayemfuata anakuja kwa kasi anamgonga mgongoni. Na jinzi fupi yenye vifungo vya chuma na zipu inakwaruza sakafu ya mtelezo, mkwaruzo huo unamchana mwenzio. Tafuteni Mwanjelwa kwenye mitumba kabla ya safari. Nguo za michezo za nailoni zisizo na zipu zinatosha kwa watoto, na mara nyingi ni nafuu kuliko za getini.

Pampasi ya kawaida majini haifai kabisa. Kile kinachonyonya mkojo ndani yake kinanyonya maji ya bwawa, inavimba kama mto, inapasuka na punje zinatoka. Kuna pampasi za kuogelea, hazivimbi, ila elewa kazi yake: zinazuia kinyesi kigumu, mkojo unapita, na cha kuharisha kinapita pia. Mpeleke chooni kila nusu saa. Mtoto aliyeharisha siku za karibuni asiingie bwawani, hata kama leo yuko mzima. Kuna kijidudu cha kuharisha kiitwacho kriptosporidiumu ambacho klorini ya kawaida inachukua siku nyingi kukiua. Aliyeugua anakaa nje wiki mbili baada ya kupona. Na wote waoge kwa sabuni kabla ya kuingia, siyo baada ya kutoka tu.

Rasta: zifungwe juu, zitiwe maji safi kwanza kwenye bomba, kisha mafuta kidogo. Nywele zilizoshiba maji safi zinavuta klorini kidogo. Akitoka, zioshwe na zikamuliwe mpaka kwenye mizizi, maana za bandia hukauka nje zikabaki mbichi ndani, na usiku anaanza kujikuna. Kama zina umri wa mwezi, ni bora afumuliwe kabla ya safari asukwe akirudi. Hereni, bangili na shanga vyote viachwe gesti.

Baridi: mtoto wa miaka 3 mwenye sentimita 94 anapoteza joto haraka majini, hata Dar. Dakika 20, toka, taulo kavu, kitu cha kunywa cha uvuguvugu, pumzika, rudi. Midomo ikibadilika rangi au meno yakigongana, amemaliza kwa siku hiyo. Msimrudishe kwa sababu tu tiketi imelipwa.

Jua: msidanganyike na upepo wa kusi. Losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, paka nusu saa kabla, rudia kila baada ya saa mbili na kila akijifuta kwa taulo. Ngozi nyeusi nayo inaungua, hasa mabegani na juu ya pua. Wanaosoma hapa wenye mtoto mwenye ualbino: fulana ya kuogelea ya mikono mirefu, kofia pana, na muda wenu ni baada ya saa kumi. Ile losheni ya Kilisun inayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi imetengenezwa kwa ajili yao hasa, ulizeni hospitali au chama cha watu wenye ualbino.

Bibi: asiache dawa kwa sababu ya safari, na asizimeze zote asubuhi ya maji kama hajaelekezwa hivyo. Baadhi ya vidonge vya presha vinatoa maji mwilini, na Dar kuna joto ambalo mwili wa Uyole haujalizoea, kwa hiyo kizunguzungu kinamjia haraka akisimama. Kiti cha kivulini penye upepo, maji ya kunywa mkononi, chumvi isizidi kwenye chipsi. Asipande mashine wala mtelezo, hata ule mto wa maji wa kuelea polepole kama kupanda boya ni kwa kuchuchumaa.

Mhasibu_Makambako

Tuongee hela, maana hilo ndilo swali la kwanza la Mzazi na limepita pembeni.

Usigawe kiingilio kwa watu, kigawe kwa saa ambazo kila mtu atakuwa majini kweli. Mkubwa mwenye 146 atatumia saa tatu mpaka nne bila kuchoka. Mdogo, kwa hizo dakika 20 za Nesi, hafiki saa moja na nusu kwa siku. Wa kati mwenye 118 anabaki kwenye mitelezo midogo na mto wa kuelea. Bibi sifuri. Mama inategemea. Yaani hela nyingi mnalipia mtoto mmoja.

Kwa hiyo uliza getini vitu hivi kabla: kuna tiketi ya mtazamaji asiyeingia majini, au bibi analipa sawa na wote? Chini ya umri gani au urefu gani mtoto haingii kwenye malipo? Bei ya siku za kazi ni tofauti na wikiendi? Kisha yale ya pembeni yanayovunja bajeti: kabati la kufungia vitu, kukodi boya, kukodi jaketi, na chakula, kwa sababu sehemu nyingi zinakataza kuingia na hotpoti. Maji ya kunywa nayo uliza. Kwa familia ya sita, chakula cha ndani kinaweza kukaribia kiingilio.

Pendekezo langu: baba na wakubwa wawili waende kwenye maji, mama, bibi na mdogo waende Makumbusho au wapumzike ufukweni. Viingilio vitatu badala ya sita, na usimamizi ni rahisi zaidi. Shemeji akikataa kuachwa, basi baba abaki na bibi.

FundiMabwawa

Mhasibu umenena, ila hapo kwenye "usimamizi ni rahisi" niweke sharti. Mtu mzima mmoja na watoto wawili wasiojua kuogelea inawezekana tu kama hao wawili hawatengani. Mkubwa akipanda mtelezo, wa kati asimame na baba pale chini kwenye bwawa la kutulia, siyo aende peke yake kwenye bwawa la mawimbi. Mtoto anayezama hapigi kelele. Anasimama wima majini, kichwa nyuma, mdomo juu kidogo ya maji, ananyamaza, na ndani ya dakika moja ameshazama. Kwa hiyo kanuni ni urefu wa mkono: asiyejua kuogelea ukinyoosha mkono umguse. Simu ifungiwe kabatini. Yale maboya ya kujaza upepo ya mikononi ni ya kuchezea, yanachomoka na yanatoboka. Jaketi la kujiokolea lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu ndilo la kuamini, na ulijaribu kwa kumnyanyua mtoto ukishika mabega ya jaketi. Likipanda mpaka masikioni ni kubwa kwake.

Kuhusu 118. Mtoto wa umri huo huongezeka sentimita 5 au 6 kwa mwaka, kwa hiyo Juni hatakuwa amefika 120, na rasta zilizofungwa juu hazihesabiwi, wanabonyeza utosini. Desemba atakuwa amevuka. Kama mna uwezekano wa kusafiri Desemba, maji yangengoja Desemba, bwawa nalo likiwa la joto bila shida, ila mvua za vuli zinaweza kuwagusa na wiki ya Krismasi ni umati. Kama safari ni hii moja tu, basi fanya anavyosema Tegeta: Kigamboni siku ya kazi, mashine asubuhi, maji alasiri, na binti aambiwe tangu nyumbani mitelezo gani ni yake. Mtoto aliyeambiwa mapema analalamika kidogo kuliko anayekatishwa tamaa ngazini.

Matema kuwafundisha: wazo zuri, ila si kwa sababu ya ziwa lenyewe. Bwawa la hoteli hapo Mbeya mjini halipashwi moto, na kwa mwinuko wa karibu mita 1,700 mtoto anatetemeka kabla hajajifunza chochote. Kyela, wilaya iliko Matema, iko chini, kwenye kama mita 500, maji yana joto. Lakini Ziwa Nyasa lina kichocho, hasa penye majani na maji yaliyotulia karibu na makazi, na midomo ya mito ina mamba. Wachague sehemu ya mchanga mtupu yenye mawimbi madogo, wajifute kwa taulo mara wakitoka, na baadaye wakapimwe kichocho kituo cha afya wakiwa na dalili au hata bila.

Bila Matema pia kuna la kufanya. Beseni la kuogea, wiki tatu kabla ya safari: azamishe mdomo apulize mapovu, kisha pua na mdomo, kisha uso mzima akihesabu hadi tano. Mtoto aliyezoea maji usoni hashtuki akitua kwenye bwawa la kutulia, na mshtuko huo ndio unaowafanya wavute pumzi ndani ya maji. Mfundishe pia mkao wa mtelezo akiwa amelala kwenye mkeka: chali, miguu imepishana kwenye vifundo, mikono imekunjwa kifuani, kidevu kimeinamia kifua. Miguu iliyopishana inazuia maji kuingia kwa nguvu mwilini akitua, mikono iliyokunjwa haigongi kingo, na kidevu kilichoinama kinaepusha kisogo kugonga sakafu. Akifika chini asimame, atembee kando upande wa ngazi, asirudi nyuma kutafuta ndala.

Nesi_Njombe

Nimesahau moja, na kwa watu wa nyanda za juu ni kubwa kuliko klorini. Dar kuna mbu mwaka mzima, na watoto wenu wa Uyole kinga yao dhidi ya malaria ni ndogo. Chandarua gesti, mikono mirefu kuanzia saa kumi na mbili jioni hasa mkitoka bwawani mmelowa, dawa ya kupaka ya kufukuza mbu. Mkirudi, homa yoyote kuanzia kama siku ya saba mpaka mwezi mzima mpeleke mtoto akapimwe kipimo cha haraka cha malaria siku hiyohiyo, na mwambie daktari mlikuwa Dar, maana zahanati za huko juu wanaweza kufikiria mafua na nimonia kwanza. Sikio likiuma ukilivuta kidogo ni maji ya bwawa, siyo malaria. Hilo analazwa kichwa upande maji yatoke, mnafuta kwa ncha ya taulo, na msiingize kijiti cha pamba. Likiendelea kuuma siku ya pili, naye aonwe na daktari.

Mzazi_Uyole

Nimemwonyesha mke wangu uzi wote. Tunakwenda na mpango wa Tegeta, Jumatano, Kigamboni, bibi na tiketi ya mtazamaji kama ipo. Nguo za binti tayari zimepatikana Mwanjelwa. Tegeta, nisaidie la mwisho: kutoka stendi ya Mbezi usiku na mizigo na bibi, tulale Mbezi au tuvuke Kigamboni usiku huohuo?

Tegeta_Kibaoni

Laleni Mbezi. Basi la mchana kutoka Mbeya likichelewa Kitonga au Mikumi mnafika usiku mkubwa, na kuvuka jiji na watoto waliolala ni kuharibu kesho yake. Chukueni gesti karibu na stendi, lakini uliza chandarua kabla ya kulipa. Asubuhi saa tatu, foleni ya watu wa kazini ikishalegea, teksi moja ya viti saba inawatosha kupita barabara ya Mandela hadi daraja la Nyerere. Siku hiyo msipange kitu kingine, ufukwe wa Kigamboni uko hapo, watoto wakachezee mchanga.